Wageni wa Saa Nane kwa Bibi Ingrid

Kabla hujabonyeza kengele ya Mswidi, tazama saa. Ukiona umewahi, usibonyeze. Rudi kwenye gari, kaa, ngoja. Ukiona umechelewa, tafuta sababu, na iwe ya kweli, maana atakuuliza.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi ya kutunza wazee majumbani, hasa ninyi wa hapa Buffalo, Amerika, mnaonipigia simu na kusema, "Mama Riziki, huyu mzee wangu mpya ana mambo yake, nifanyeje?" Nimestaafu mapema kidogo. Mgongo ndio uliotangulia kustaafu, mimi nikaufuata. Kichwa bado kinafanya kazi, kwa hiyo niulizeni.

Waswidi sikuwachagua. Nilifanya kazi katika miji mitatu, Louisville, Columbus na Buffalo, na kila mji ulinipa Mswidi wake. Msimamizi akishaona umeelewana na mmoja, wa pili anakuletea mwenyewe. Mimi sikusoma chuo, lakini maktaba ya mtaa haikuulizi cheti. Kila nilipokutana na jambo nisilolielewa kazini, nilikwenda kutafuta kitabu. Mengine hayamo vitabuni, na hayo ndiyo nataka kuwapa.

Louisville ndiko nilikojifunzia kazi, katika nyumba kubwa ya wazee. Mwalimu wangu alikuwa Mama Wambui, Mkenya aliyekuwa na miaka mingi kwenye kazi hiyo na sauti ya kuamsha ghorofa nzima. Siku moja alinipangia mzee anayeitwa Nils, mtu wa kaskazini kabisa ya Uswidi, mrefu, mkimya, macho kama maji. Nilimuuliza kama angependa chai. Akavuta hewa ghafla kwa mdomo, *hup!*, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi mgongoni. Nikashtuka. Nikamuuliza, "Mzee, uko sawa?"

*Hup!*

"Unaweza kupumua?"

*Hup!*

Nikabonyeza kengele ya dharura. Wauguzi wakaja mbio na mtungi wa oksijeni. Nyuma yao akaingia Mama Wambui, mikono kiunoni.

"Umemuuliza nini?"

"Nimemuuliza kama yuko sawa!"

"Naye amekujibu?"

"Amekatika pumzi, Mama!"

"Amekujibu, my dear. Huko kwao kusema ndiyo ni kuvuta pumzi ndani. Amekuambia yuko sawa, ukamwitia oxygen. Sasa mletee mzee chai yake."

Nils alikunywa chai ile polepole, watu wanne wamemzunguka na mtungi, akituangalia kwa huruma. Alipomaliza akaniuliza kama mimi ndiye niliyekuwa naumwa.

Tulipotoka nje Mama Wambui alinipa somo ambalo nimelibeba hadi leo: mgonjwa akifanya jambo usilolijua, chunguza kwanza kama ndivyo alivyo, ndipo uchunguze kama anaumwa. Muulize mtoto wake. Muulize aliyemtunza jana. Somo la pili lilikuwa la ukimya. Sisi mtu akinyamaza mezani tunadhani kuna neno. Mswidi anaweza kukaa nawe muda mrefu bila kusema kitu, kisha akaagana nawe akisema alifurahia mazungumzo. Usijaze ukimya wake kwa maneno. Ni kama kumjazia mtu sahani aliyekwisha kusema ameshiba.

Somo la tatu lilikuwa la kumnyanyua mtu kwa magoti, si kwa mgongo. Siku hizi mna mashine za kunyanyulia, zenye mkanda na kitufe. Zitumieni hata mkiwa na haraka. Mimi nilianza kazi wakati mashine ilikuwa ni sisi wenyewe.

Columbus nilimtunza bibi mmoja wa Kiswidi aliyekaa na mwanawe, mkwewe na mjukuu. Kuna siku shule zilifungwa kwa theluji nikaenda na binti yangu Riziki, wakati huo mdogo. Akapanda juu kucheza na mjukuu. Jioni chakula kikaiva, mjukuu akaitwa, akashuka, akakaa mezani na wazazi wake, wakala. Riziki akabaki chumbani juu, peke yake, na midoli ya mwenzake.

Nisikieni vizuri: hawakumfukuza, hawakumsema. Walimwacha tu asubiri. Mimi nilikuwa namlisha bibi, na kila kijiko nilichompa, macho yangu yalikuwa kwenye ngazi. Kwetu Uvira, kule Kongo, mtoto wa jirani akikutwa na chakula, anakula. Hata mtoto wa adui anakula, ugomvi unaendelea baadaye.

Kesho yake nilimuuliza mama wa nyumba, kwa upole, sababu. Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Nilidhani umempikia nyumbani," akasema. "Ningempa chakula, angefika kwako ameshiba, na mapishi yako yangepotea bure. Tulivyokuwa wadogo ndivyo tulivyofanyiwa sote. Humwingilii mama mwingine kwenye sufuria yake."

Nilikwenda nikalifikiri jambo lile. Yeye alikuwa ananiheshimu, na mimi nilikuwa naumia kwa heshima ile ile. Mswidi hapendi kukuwekea deni, wala kuwekewa. Ukimletea kitu, atahangaika mpaka arudishe. Ukiwa na ajira kwao usione wanakubania, wanaogopa kukulemea. Mara ya pili Riziki alipokuja, alikuta sahani yake mezani, na kikaratasi chenye jina lake lililopambwa kwa maua. Alikula samaki wao akasema kwa Kiingereza kwamba afadhali angebaki juu.

Sasa niwapeleke Buffalo, kwa Bibi Ingrid, maana yeye ndiye sababu ya kushika kalamu.

Alikaa mtaa wa Black Rock, karibu na mto, kwenye nyumba ya mbao aliyoinunua na marehemu mumewe zamani za viwanda. Nilipofika mara ya kwanza mlango ulifunguka, harufu ikanipiga: iliki. Nikasimama kizingitini kama mjinga. Nilidhani kuna mtu wa kwetu ndani anakaanga maandazi. Kumbe Waswidi huweka iliki kwenye mikate yao mitamu, na si ile ya unga ya dukani. Bibi aliitwanga mwenyewe kwenye kinu kidogo, akaiacha na chembe zake, ili uing'ate. Nikamwambia kwetu pia tunafanya hivyo. Akanitazama kwa mashaka, akanipa kinu. Nikatwanga. Akaonja kidoleni, akasema, "Vua viatu, uingie." Viatu nilikuwa nimeshavua. Columbus ilikuwa imenifunza.

Alinikataza kumwita Madam. Uswidi, alisema, hata daktari mkuu anaitwa kwa jina lake tupu. Mimi nikashindwa kumwita Ingrid, kavu kavu, mtu wa rika la mama yangu. Tukapatana kwenye Bibi Ingrid, akaizoea mpaka akawa anajitaja hivyo kwenye simu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida: dawa, kuoga, mazoezi ya kutembea baada ya kuvunjika nyonga. Katikati ya asubuhi kila kitu kilisimama kwa ajili ya kahawa, wanayoiita fika. Hiki si kinywaji, ni kikao. Ukiinywa umesimama umemtukana. Wanjiru, msimamizi wetu kutoka ofisi ya Amherst, aliona kwenye simu yake kwamba sijaandika chochote kwa muda, akanipigia.

"Mama Riziki, unafanya nini hapo? System inaonyesha hakuna task."

"Nakunywa kahawa na mteja."

"Hiyo niiweke kama nini?"

"Iweke kama tiba."

Akacheka. "Sawa, naiweka kama social activity. Lakini wewe na hao Waswidi wako, aki!"

Bibi Ingrid alikuwa na binti mmoja, Karin, aliyeishi Columbus. Binti mwema, mwenye wasiwasi. Tangu mama yake aanguke hakulala vizuri, na alikuwa amempatia mama nafasi kwenye nyumba ya wazee karibu na kwake. Chumba safi, dirisha kubwa. Alitaka mama ahame kabla ya majira ya baridi. Bibi hakutaka hata kusikia. Walibishana kwa Kiswidi kwenye simu, yaani kwa sauti ya chini na ukimya mrefu, na mimi nikajua ni ugomvi mkubwa.

Mwishowe wakafikia makubaliano. Mwezi wa Juni, siku zinapokuwa ndefu kupita zote, Waswidi husherehekea katikati ya kiangazi. Husimamisha nguzo iliyovikwa majani na maua, wakacheza kuizunguka, wakala viazi vipya na samaki. Bibi na mumewe walikuwa wakiifanya kila mwaka uani kwao, ua wa pembeni unaoonekana kutoka barabarani. Tangu mume afe, na marafiki wa kizazi chake mmoja mmoja wakamfuata, nguzo ilikuwa imelala kwenye banda. Bibi akamwambia binti yake: njoo kwenye sikukuu, uone kama siwezi kuishi hapa.

Karin akamjibu, na Bibi alinirudia maneno yale akiwa amegeukia dirishani: "Mama, nikikukuta peke yako kwenye meza iliyoandaliwa, tunafungasha."

Tukanywa kahawa. Kisha akauliza, kama mtu anayeomba chumvi, "Wewe unafahamu watu?"

Nikacheka mpaka kikombe kikatikisika. "Bibi, watu ndio kitu pekee nilicho nacho kwa wingi."

"Saa nane mchana," akasema. "Si kabla. Si baada."

Nikaenda kwa Mama Furaha, rafiki yangu wa mtaa wa East Side, kiongozi wa kwaya yetu ya Wakongomani. Nikamweleza vizuri: saa nane kamili, bibi ni Mswidi, binti anakuja kumpima, kisivunjike kitu. Mama Furaha akaitikia kila neno. Lakini Mama Furaha ameongoza kwaya miaka mingi, na anawajua watu wake. Akitaka waje saa nane, hutangaza saa sita. Ndivyo anavyofanya kwa harusi, misiba na mazoezi. Jumapili akasimama kanisani akatangaza saa sita, na kwa kuwa alitaka mkazo, akaongeza kwamba mwenye nyumba ni Mswidi, na Mswidi akikuambia saa, ni saa hiyo hiyo.

Basi watu wa kwaya wakaamua, kwa mara ya kwanza tangu wafike Amerika, kumheshimu mtu kwa saa yake. Mama Furaha mwenyewe walimpitia nyumbani mapema, naye aliyetangaza saa sita hakuweza tena kuwaambia ni saa nane.

Siku yenyewe, adhuhuri, nilikuwa jikoni na Bibi. Alikuwa amevaa gauni la kulalia, nywele zimefungwa vibiringisho, ndoo ya viazi miguuni. Kengele ikalia. Nikafungua. Barazani walikuwa wamejaa kwaya nzima na watoto wao, kanga na vitenge, masufuria yamefungwa vitambaa, mtu mmoja na ngoma. Mama Furaha mbele, ananing'aria meno, na kile Kiswahili chake cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa.

"Bon! Balisema saa sita, na sisi hawa hapa saa sita. Ulifikiri tuko bantu ba kuchelewa?"

Bibi akaja nyuma yangu na woka yake, ile fremu ya chuma ya kutembelea. Akawaona. Wao wakamwona, na gauni la kulalia na vibiringisho. Nataka mjue kwamba kwa Mswidi mgeni wa kuchelewa ni kero, lakini mgeni wa kuwahi ni mwizi. Amekukuta hujawa wewe.

"Nilisema saa nane," akasema. Akanyoosha mkono juu ya bega langu, akafunga mlango.

Nje mtu akaweka ngoma chini. Kisha nikasikia Mama Furaha, si kwa hasira, kwa huzuni: "Donc tumefungiwa mlango. Haya, tubebe vyungu, turudi."

Ndani Bibi alikuwa ameegemea ukuta, anavuta vibiringisho kichwani. "Waambie warudi saa nane."

"Bibi, hawa wakiondoka wamefungiwa mlango, hawarudi."

"Siko tayari! Viazi havijamenywa, nguzo haijavikwa, mimi sijavaa. Wageni hawawezi kuniona hivi."

Hapo ndipo kazi yote ya miaka ile iliponisaidia. Usibishane na desturi ya mzee, vijana. Tafuta mlango mwingine ndani ya desturi ile ile. Nilikuwa nimesoma, na yeye mwenyewe alikuwa amenisimulia, kwamba kijijini kwao nguzo haivikwi na mwenye nyumba. Huja majirani asubuhi kuivika, na nguo zao za kazi. Hao hawahesabiwi wageni.

"Bibi," nikamwambia, "hao si wageni. Wageni ni wa saa nane. Hao wamekuja kuvika nguzo."

Akanitazama. Akatazama ndoo ya viazi. Kisha akavuta hewa kwa mdomo, *hup!*

Sikumwitia mtu yeyote. Nilifungua mlango, nikatoa ndoo, nikamkabidhi Mama Furaha visu.

Ah, laiti mngeona uwanja ule! Akina mama wakakaa kwenye ngazi wakamenya viazi, wakiimba. Mama Furaha akachungulia chombo cha samaki, wale wanaolowekwa kwenye siki na sukari, akaonja, akafumba macho.

"Samaki na sukari? Bon. Huyu samaki alikosa nini?"

Wanaume wakatoa nguzo bandani, watoto wakachuma majani kando ya mto. Bibi akatoka amevaa gauni la bluu, nywele zimechanwa, na kwa kuwa nguzo ilikuwa inavikwa vibaya hakuweza kuvumilia. Akaanza kutoa amri. Maua juu, majani chini, kamba hivi. Woka ikawa inamchelewesha, akaiacha kando ya mlango, akashika mkono wa mpiga ngoma, akawa anamvuta huku na huku kama mwanajeshi wake. "Inaegemea! Kulia! Kulia kwangu, si kulia kwako!" Wanaume wazima wakawa wanakimbia.

Katikati ya shughuli hiyo kijana mmoja akaninong'oneza, uso umembadilika. "Mama Riziki, kuna mzungu ndani ya gari pale barabarani. Yuko anatuangalia kitambo. Labda ameita polisi?"

Kelele zikapungua. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo mtu wa kukutazama kutoka garini si habari njema. Nikafuta mikono, nikaenda.

Ndani ya gari alikuwa Karin, keki mapajani, machozi yakimtiririka, naye anacheka.

"Umefika lini?" nikamuuliza.

"Sijafika," akasema, akifuta pua. "Bado si saa nane."

Alikuwa amekaa pale tangu mama yake avuke kizingiti. Desturi yake ilimkataza kushuka, kwa hiyo aliona yote. Kama angefika mtu wa kwetu, angeingia mara moja, na Bibi angejinyoosha, angejishikilia kwenye woka, angeigiza mwenyeji. Karin alimwona mama yake asiyejua anatazamwa. Alimwona anatembea, anagomba, anaishi.

Nikarudi uani. Saa nane ilipofika kengele ikalia. Bibi akafungua mlango kana kwamba hakuna lililotokea tangu asubuhi, meza iko tayari, nguzo imesimama, sisi sote tumejipanga kama wageni waliofika sasa hivi. "Karibu," akamwambia binti yake. "Umewahi vizuri."

Tulicheza mpaka jua likachoka kungoja. Wana mchezo wa kuruka kama vyura kuizunguka nguzo, na kwaya yetu iliutia ngoma, ukawa kitu ambacho Uswidi haijakiona. Mwisho ikaja keki ya Karin, na hapa kuna desturi nyingine ya kuijua: kipande cha mwisho hakiliwi. Mswidi atakikata nusu, mwenzake atakata nusu ya nusu, mpaka kibaki chembe ambayo panya angeisikitikia. Mama Furaha aliwaangalia Bibi na Karin wakikatiana, akashindwa kuvumilia. Akakinyanyua chote. "Bon, hiki kinateseka," akasema, akakila. Karin akapiga makofi.

Kuhusu Columbus hakusema neno siku ile. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni kuondoka, alinigeukia akaniuliza, "Mwaka ujao nilete viazi kiasi gani?" Bibi alisikia. Akajifanya anakunja kitambaa cha meza.

Siku chache baadaye Karin alinipigia kusema asante kwa mara ile. Waswidi hushukuru mara mbili, ukiondoka na mkikutana tena, kama wazee wetu. Chumba kile cha dirisha kubwa alikwisha kukiacha.

Juni hii iliyopita sikuwa tena mfanyakazi. Nilialikwa kama mtu yeyote. Nilifika mapema, nikaegesha nyuma ya gari la Karin, ambaye alikuwa ametangulia. Akanipungia mkono kwenye kioo, nikampungia. Tukakaa, kila mmoja ndani ya gari lake, keki mapajani, tukiingoja saa nane kama watu waliolelewa.

Mlango ukafunguka. Bibi Ingrid akatokea barazani amevaa gauni la kulalia, vibiringisho kichwani, mkono mmoja kwenye nguzo ya baraza, mwingine ameshika mwiko. Akaugonga kwenye ndoo mpaka jirani akachungulia.

"Nyie wawili!" akaita. "Mnangoja nini huko? Viazi vitajimenya?"